Kura ya maamuzi: irudiwe watu wakibadili mawazo, au iachwe ilivyo?

Novemba 21, 2005 nilipanga foleni Nakuru kabla jua halijachomoza. Karatasi ya kura ilikuwa na picha mbili: ndizi kwa anayeikubali rasimu ya katiba, chungwa kwa anayeikataa. Agosti 4, 2010 nilipanga foleni tena katika shule ile ile, safari hii kijani kwa Ndiyo na nyekundu kwa La. Mara ya kwanza Kenya ilisema La kwa asilimia 58. Mara ya pili ikasema Ndiyo kwa zaidi ya asilimia 68. Kati ya foleni hizo mbili tuliuana.

Dada yangu anaishi Leicester. Juni 23, 2016 naye alipiga kura, maana sheria ya Uingereza iliwaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi kule kushiriki, ilhali jirani yake Mpolandi, anayelipa kodi mtaa ule ule, hakuruhusiwa. Yeye alichagua Kubaki katika Umoja wa Ulaya. Kutoka ikashinda, asilimia 51.9 kwa 48.1. Tangu hapo swali lake kwangu ni lile lile: "Kaka, nyinyi mliulizwa mara mbili. Mbona sisi tusiulizwe tena, na watu wameshajuta?"

Nimemjibu vibaya mara nyingi, harakaharaka, kwenye simu. Hapa nataka nimjibu sawasawa, kwa kuziweka njia zote sambamba na kuangalia kila moja inakupa nini na inakudai nini. Nchi ambazo zimewahi kufika kwenye njia panda hiyo si chache, na hazikupita njia moja.

Kwanza tutenganishe maneno

Tanzania husema "kura ya maoni" na kumaanisha taifa zima kwenda kuamua jambo. Kwetu Kenya magazeti huita hiyo kura ya maamuzi, na "kura ya maoni" tumewaachia wale watafiti wanaopigia watu simu kuuliza wanampenda mgombea gani. Katika makala hii nitafuata Kikenya, kwa sababu tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo kiini cha ugomvi wote. Maoni hubadilika kila wiki na hayamfungi mtu. Maamuzi humfunga hata yule aliyeyakataa.

Anayetaka kura irudiwe huja na utafiti mkononi: tazama, sasa asilimia kadhaa wanasema tulikosea. Mimi humwuliza mambo mawili. La kwanza, utafiti huo ungekuwa na uzito gani kwako kama ungeelemea upande wa pili? Tafiti kadhaa za mwisho kabla ya kura ya 2016 zilionyesha Kubaki iko mbele, na debe likasema vingine. Tofauti ya pointi mbili au tatu kwenye karatasi ya watafiti haitoshi kufuta kura za mamilioni ya watu waliotoka nyumbani kwa miguu yao.

La pili lina uzito zaidi. Mtu akiulizwa "je, tulikosea?" anaulizwa habari ya jana. Kura mpya itamwuliza habari ya kesho. Uingereza ya leo inaonyesha hilo waziwazi. Kwa miaka kadhaa sasa zaidi ya nusu ya wanaoulizwa husema kutoka lilikuwa kosa. Lakini watafiti wakiongeza kwamba kurudi huenda kukamaanisha kupokea sarafu ya euro, ule uungaji mkono hupungua. Majuto ni kitu cha kweli, ila hayajawa uamuzi bado.

Kuyaacha matokeo yasimame

Wanaoshika njia hii wana msemo ambao kila mtoto wa Uswahilini ameusikia uwanjani: asiyekubali kushindwa si mshindani. Na hoja yao inastahili kusikilizwa. Ukijua kwamba ukishindwa leo utapata kura nyingine mwakani, huna sababu ya kukubali leo. Aliyeshinda naye hana sababu ya kuamini kwamba ameshinda. Sunderland, kaskazini mashariki mwa Uingereza, ilichagua Kutoka kwa asilimia 61. Katika miji kama hiyo walikuwako watu walioacha kupiga kura zamani kwa kuona haiwabadilishii lolote. Siku ile walitoka. Nchi nzima walijitokeza asilimia 72.2, kiwango ambacho hakuna uchaguzi mkuu wa kule uliokuwa umekifikia tangu 1992. Ukimwambia mtu wa namna hiyo arudie kwa kuwa jibu lake halikupendeza, umemthibitishia alichokuwa akikishuku maisha yake yote.

Kusubiri nako kuna faida moja ambayo wenye haraka hawaioni: wakati hauko upande wa mtu yeyote. Norway ilikataa kujiunga na Ulaya mwaka 1972 kwa asilimia 53.5. Wakangoja miaka 22, dunia ikageuka, wakaulizwa tena Novemba 1994, na jibu likawa La tena, asilimia 52.2. Quebec ilikataa kujitenga na Kanada mwaka 1980 kwa karibu asilimia 60. Ilipoulizwa tena Oktoba 1995, La ilishinda kwa asilimia 50.6 tu, kura 54,288 ndizo zilizoizuia nchi isigawanyike, na waliojitokeza walizidi asilimia 93. Ungedhani kura ya tatu ingefuata mara moja. Lucien Bouchard, aliyekuwa kiongozi wa jimbo baada ya hapo, alisema atangoja mpaka hali ya ushindi iive. Haikuiva. Alijiuzulu mwaka 2001 bila kuiitisha.

Ubaya wa njia hii unauona Scotland. Septemba 2014 Waskoti walikataa kujitenga, asilimia 55.3 kwa 44.7, na waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 85. Ilisemwa kwamba kura kama ile huja mara moja katika kizazi. Lakini mojawapo ya hoja za upande wa La ilikuwa kwamba kujitenga kungewatoa katika Umoja wa Ulaya. Miaka miwili haijaisha, Scotland ikachagua Kubaki kwa asilimia 62, na bado ikatolewa pamoja na wengine. Hapo si mawazo ya watu pekee yaliyobadilika. Kile walichoahidiwa wakati wakipiga kura ndicho kilichoondolewa. Novemba 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba bunge la Edinburgh haliwezi kuitisha kura nyingine bila ridhaa ya London. Kwa hiyo matokeo yamesimama, na ufunguo wa mlango uko mfukoni mwa upande mmoja. Kila mtu ninayemwuliza kuhusu njia hii humtaka anijibu hilo: unaposema tungoje, nani ataamua kwamba tumengoja vya kutosha?

Kurudia upesi

Hapa wote hutaja Ireland na Denmark, mara nyingi kwa pumzi moja, kana kwamba nchi hizo zilifanya jambo moja. Hazikufanya.

Denmark iliukataa mkataba wa Maastricht, ule ulioanzisha Umoja wa Ulaya, Juni 2, 1992, kwa asilimia 50.7. Desemba mwaka huo, viongozi wa Ulaya wakikutana Edinburgh, Wadenmark walipewa misamaha minne: katika sarafu ya pamoja, ulinzi, mambo ya sheria na polisi, na uraia wa Umoja. Mei 18, 1993 waliulizwa tena wakakubali kwa asilimia 56.7. Miezi kumi na moja na ushee tu. Usiku ule ule, mtaa wa Nørrebro huko Copenhagen uliwaka. Waandamanaji walirusha mawe, polisi wakawafyatulia risasi, watu wakajeruhiwa. Anayesema kurudia kura hakuna gharama asome habari za usiku huo.

Hata hivyo mimi naitetea Denmark, kwa sababu ya yaliyofuata. Misamaha ile haikuwa pipi ya kumnyamazisha mtoto. Mwaka 2000 wananchi waliulizwa kama wanataka euro, wakakataa, na mpaka leo wanatumia kroni. Mwaka 2015 waliulizwa kuhusu msamaha wa mambo ya sheria, wakakataa kuuacha. Juni 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimeanza, waliulizwa kuhusu msamaha wa ulinzi, na sasa wakakubali kuuondoa kwa karibu asilimia 67. Kila mara serikali ilipotaka kusogeza mpaka uliowekwa 1992, ililazimika kurudi kwa wananchi. Ile La ya kwanza haikuzikwa, imeendelea kutawala kwa miaka thelathini.

Ireland ina visa viwili. Cha kwanza ni mkataba wa Nice, uliobadili kanuni za Umoja wa Ulaya. Juni 2001 asilimia 53.9 walisema La, lakini waliojitokeza walikuwa chini kidogo ya asilimia 35. Theluthi mbili ya nchi ilikaa nyumbani. Mwaka uliofuata waliulizwa tena, baada ya kuhakikishiwa kwamba nchi yao haitaburutwa katika muungano wa kijeshi, na jambo hilo likaandikwa ndani ya katiba. Waliojitokeza walifika karibu nusu, na Ndiyo ikapata asilimia 62.9. Hilo sioni taabu kulikubali.

Cha pili, mkataba wa Lisbon, uliozibadili tena kanuni hizo, kinanisumbua mpaka leo. Juni 2008 waliukataa kwa asilimia 53.4, na safari hii zaidi ya nusu ya waliosajiliwa walikuwa wamepiga kura. Serikali ilifanya jambo jema: iliagiza utafiti kujua kwa nini watu walikataa. Ikaonekana wengi hawakuuelewa mkataba, na wengine walihofia kodi, utoaji mimba, kutoegemea upande wowote vitani, na kupoteza kamishna wao katika Tume ya Ulaya huko Brussels. Zikaletwa dhamana juu ya hofu hizo. Lakini mkataba wenyewe haukuguswa, na kati ya kura hizo mbili mabenki ya Ireland yaliporomoka na watu wakapoteza kazi kwa makundi. Oktoba 2, 2009 Ndiyo ilipata asilimia 67. Kiasi gani cha hiyo Ndiyo kilitokana na dhamana, na kiasi gani kilitokana na woga wa kuachwa peke yao nchi ikizama? Mtu aliyebadili mawazo kwa kupata jibu la swali lake ni tofauti na mtu aliyebadili mawazo kwa njaa, ingawa debe haliwatenganishi.

Ukizitazama nchi zote mbili utaona jambo linalopaswa kumtia shaka kila anayependa haki. Zilizorudiwa ni La. Hakuna aliyependekeza kurudia Ndiyo ya 1993 au ya 2009 kama watu wangejuta baadaye. Kutokana na hilo nimejitungia kipimo ninachokitumia kila mahali: je, huyu anayetaka irudiwe angetaka irudiwe kama angeshinda yeye? Uingereza wengi walianguka kwenye kipimo hicho, na si upande mmoja. Mwezi Mei 2016 Nigel Farage, kinara wa Kutoka, alisema hadharani kwamba Kubaki ikishinda kwa 52 kwa 48 jambo litakuwa halijaisha. Na lile ombi la intaneti lililotaka kura irudiwe iwapo mshindi hajafika asilimia 60, lililotiwa saini na zaidi ya watu milioni nne waliosikitika kwamba Kubaki imeshindwa, lilikuwa limeanzishwa kabla ya kura na mtu wa upande wa Kutoka.

Kurudi na swali jingine: yale ya kwetu

Sasa nirudi Nakuru, maana hapa ndipo ninapojua kitu kwa kukiona.

Rasimu ya 2005 haikuwa ile ambayo wajumbe waliijadili katika ukumbi wa Bomas of Kenya, Nairobi, mpaka Machi 2004. Serikali na wabunge waliifumua, Mkuu wa Sheria Amos Wako akaiandika upya, na mamlaka ya rais, ambayo ndiyo yaliyowafanya Wakenya kudai katiba mpya kwa miaka mingi, yakarudi karibu yote. Baraza la mawaziri likagawanyika, nusu ndizi na nusu chungwa. Tulipoikataa, Rais Kibaki alilivunja baraza zima siku mbili baadaye, na alipoliunda upya mawaziri wa chungwa wakaachwa nje. Hakuna aliyekaa chini kuuliza ile asilimia 58 ilimaanisha nini. Chungwa likawa chama. Mistari iliyochorwa 2005 ikabaki ardhini, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 damu ilifuata mistari hiyo. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, mamia ya maelfu wakahama makwao. Uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru ukajaa mahema. Nilipeleka blanketi pale Februari 2008, nikamkuta mama aliyekuwa mbele yangu katika foleni ya 2005. Hatukuzungumza habari za katiba.

Kama mtu angetuletea karatasi ile ile ya ndizi na chungwa mwaka 2006 kwa kuwa utafiti fulani umeonyesha watu wamelegea, naamini tungeanza kuuana mapema zaidi.

Kilichofanyika ni kitu kingine. Makubaliano ya Februari 2008, yaliyosimamiwa na Kofi Annan, yaliiweka katiba mpya katika Ajenda Nne, yaani orodha ya marekebisho ya muda mrefu. Ikaundwa Kamati ya Wataalamu chini ya wakili Nzamba Kitonga, Wakenya sita na wageni watatu kutoka Uganda, Zambia na Afrika Kusini. Hawakuanza na karatasi tupu. Walizichukua rasimu zilizotangulia, wakawauliza wananchi ni wapi hasa mnapogombana, wakayapata mambo matatu: muundo wa serikali, ugatuzi, na namna ya kutoka katiba ya zamani kuingia mpya. Wakatoa rasimu, wakapokea maoni, wakaiandika upya. Tume ya uchaguzi ya zamani ilikuwa imevunjwa. Tume mpya ikaandikisha wapiga kura upya, zaidi ya milioni 12. Kibaki na Raila Odinga, waliokuwa ndizi na chungwa, sasa walisimama jukwaa moja. Upande wa nyekundu uliongozwa na William Ruto pamoja na makanisa mengi, wakipinga vifungu vya ardhi, utoaji mimba na mahakama za Kadhi. Bonde la Ufa, mkoa wangu, lilikataa. Lakini waliokataa walikubali kwamba wameshindwa, na usiku ule watu walilala majumbani mwao.

Ndiyo maana namwambia dada kwamba hakusema sawa. Sisi hatukuulizwa mara mbili. Tuliulizwa maswali mawili tofauti, na mwamuzi mwingine, katika daftari jingine, baada ya mtu kuja kutuuliza kwa nini tulikataa.

Njia hii nayo ina bei yake, sitaificha. Ni ya polepole mno. Sisi tuliifikia kupitia makaburi, kwa sababu hakuna aliyeishika mwaka 2006 ilipokuwa ingali nafuu. Na inahitaji viongozi waliotukanana wakae meza moja, jambo ambalo mara nyingi hawalifanyi mpaka walazimishwe.

Ireland, kwa habari ya utoaji mimba, iliipita njia hii bila damu. Mwaka 1983 waliweka katazo ndani ya katiba kwa karibu asilimia 67. Miaka 35 baadaye, mwaka 2018, waliliondoa kwa asilimia 66. Kabla ya hapo baraza la raia 99, waliochaguliwa kwa bahati nasibu ili wafanane na nchi, lilikaa miezi kadhaa likiwasikiliza madaktari, wanasheria na wanawake wenyewe. Ningependa nchi zetu zijifunze jambo hilo kuliko jingine lolote ninalolitaja hapa.

Uingereza ilikuwa na nafasi mbili, na hazifanani

Nafasi ya kwanza ilikuwa 2019. Karatasi ya 2016 ilikuwa na maneno mawili, Kubaki na Kutoka. Kubaki kulijulikana, Kutoka hakukuwa na maandishi. Je, wangebaki katika soko moja? Katika umoja wa forodha? Mpaka wa Ireland ya Kaskazini ungekuwa wapi? Waziri Mkuu Theresa May alipoleta mkataba, Bunge liliukataa Januari 15, 2019 kwa kura 432 kwa 202, kisha mara mbili nyingine mwezi Machi. Wapo waliopendekeza wananchi waulizwe: mkataba huu, au kubaki? Wabunge walikataa pendekezo hilo kwa 295 dhidi ya 268 mwishoni mwa Machi, na Aprili 1 kwa 292 dhidi ya 280. Kura kumi na mbili.

Mimi naamini ile kura ilistahili kufanyika, na sababu yangu haihusiani na utafiti wa maoni. Uamuzi ulikuwa haujatekelezwa, waliopewa kazi ya kuutekeleza walikuwa hawakubaliani ulimaanisha nini, na sasa kulikuwa na maandishi ambayo 2016 hayakuwepo. Lilikuwa swali jipya. Lakini waliolidai walikosea vibaya katika jambo moja: wengi wao hawakwenda Sunderland kuuliza "kwa nini". Walijaza barabara za London kwa mamia ya maelfu, wakionekana, machoni mwa aliyechagua Kutoka, kama watu waliokataa kushindwa. Denmark ilianza kwa kumuuliza aliyesema La anataka nini. Uingereza hatua hiyo iliachwa.

Nafasi ile ilifungwa na uchaguzi wa Desemba 2019, uliompa Boris Johnson viti 365. Januari 31, 2020 nchi ikatoka.

Leo mambo ni mengine. Kubaki hakupo tena kwenye karatasi. Kulikopo ni kujiunga upya, kwa masharti ambayo nchi 27 za Umoja zitayaamua. Kuitisha kura leo ya "mnataka kurudi?" ni kurudia kosa la 2016 kwa upande wa pili: neno moja lisilo na maandishi nyuma yake. Utaratibu ninaouona unafaa ni mrefu: chama kiseme waziwazi kwenye ilani kwamba kitajadiliana kurudi, kishinde uchaguzi mkuu kwa kusema hivyo, kilete mkataba wenye sarafu yake, michango yake na mipaka yake, ndipo wananchi waulizwe. Chama cha Labour kilishinda Julai 2024 huku kikisema hakitarudi hata katika soko moja. Hatua ya kwanza haijapigwa.

Na kama kanuni ingewekwa mapema?

Ireland ya Kaskazini ina kitu ambacho sijakiona kwingine. Sheria iliyotokana na Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya 1998, yale ya amani ya huko, inasema waziri wa London lazima aitishe kura ya kuungana na Ireland ikionekana kuna uwezekano wengi wataikubali, na kwamba baada ya kura moja, nyingine haiwezi kufanyika kabla ya miaka saba. Yaani mabadiliko ya mawazo yamepewa nafasi yake kisheria, na haraka imewekewa kizuizi, kabla mtu yeyote hajajua nani atashinda. Kasoro yake ni kwamba waziri hakupewa kipimo cha kujua lini "inaonekana".

Msomaji atadhani basi kanuni inatosha. New Caledonia, kisiwa cha Pasifiki kilicho chini ya Ufaransa, inasema hapana. Mkataba wa Nouméa wa 1998 uliruhusu kura hadi tatu za uhuru kutoka Ufaransa. Ya 2018, La ilipata asilimia 56.7. Ya 2020, La ikashuka hadi 53.3. Kabla ya ile ya tatu korona iliwapiga, Wakanaki, wenyeji wa asili wa kisiwa, wakawa katika maombolezo, viongozi wao wakaomba iahirishwe. Ufaransa ikakataa. Desemba 12, 2021 wakaisusia: waliojitokeza hawakufika asilimia 44, na La ikapata 96.5. Sheria ilifuatwa, lakini Wakanaki wengi hawaioni kura ile kuwa uamuzi. Mei 2024, Paris ilipotaka kupanua daftari la wapiga kura kisiwani, ghasia zililipuka na watu wakafa.

Wewe uchague ipi?

Kama uamuzi haujatekelezwa, na waliopewa kazi hawajui maana yake, rudini kwa wananchi na maandishi kamili. Kama umeshatekelezwa, pitieni uchaguzi mkuu kwanza. Kama waliojitokeza walikuwa theluthi moja ya nchi, msiwe na aibu ya kuuliza tena mapema, kama Ireland ya 2002. Kama pekee kilichobadilika ni tarakimu za watafiti, ngojeni. Zikidumu kwa miaka, katika mazingira mbalimbali, hazitapotea mkichelewa kuziamini. Na kama hamjamwuliza mshindi wa jana aliogopa nini, msiitishe chochote.

Nimemtumia dada maandishi haya kabla ya kuyatoa. Hakuridhika. Ameniambia kwamba utaratibu wangu mrefu ni rahisi kwa mtu ambaye mwanawe hakunyimwa nafasi ya kusoma Lyon, Ufaransa, bila viza. Sina jibu la kumtosha, na sitajifanya ninalo. Nilimwuliza kama kuna mtu yeyote mtaani kwake aliyechagua Kutoka na wakawahi kukaa kulizungumza. Akasema yupo, mzee Mgujarati aliyefukuzwa Uganda mwaka 1972, jirani wa mlango wa tatu. Wanasalimiana kila siku kwa Kiswahili. Habari ya kura hawajaigusa tangu 2016. Jumamosi atampelekea mahamri.